Mizani Mbili za Meza ya Safari

Wahenga wa pwani walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii aghalabu hutajwa kwa kumkanya mtu asiyejali taabu za jirani yake, lakini yafaa pia kuwa kanuni ya uhakiki. Kila chombo kilichoundwa ili kibebwe kina watu wawili wenye haki ya kukihukumu: yule anayekitumia kikishafika, na yule aliyekifikisha. Wa kwanza ndiye anayeandika vitabu, anayenunua mnadani na kupanga maonesho. Wa pili husahauliwa, ingawa kwake yeye kanda halikuwa la usufi hata siku moja. Chombo kimoja kinachofaa kupimwa kwa kanuni hiyo ni meza ya kulia chakula ya safari: ile meza ya mbao, ya kale, ya kukunjwa na kufumuliwa, waliyoiunda maseremala wa Uingereza tangu katikati ya karne ya 18 hadi kuzuka kwa Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1914.

Haja ya meza hiyo ilitokana na mwenendo wa tabaka la watu. Ofisa wa Kiingereza wa zama hizo alijinunulia mwenyewe vyombo vya hema lake. Alikuwa amelelewa katika desturi ya kula mezani, kwa kitambaa, kisu na uma, wala hakuona sababu ya kuiacha desturi hiyo kwa kuwa tu yumo kambini India au melini baharini. Jijini London yakazuka maduka yaliyoishi kwa haja hiyo. Katika mtaa wa Catherine, karibu na Strand, mwanzoni mwa karne ya 19, Thomas Butler na jirani zake Morgan na Sanders waliuza vitanda, viti na meza za kufumuliwa. Hao wa pili wakaipa karakana yao jina la Trafalgar, kwa kuvikumbuka vita vya baharini vya mwaka 1805. Mwaka 1800 Richard Gillow, wa ukoo mashuhuri wa maseremala wa Lancaster, alikuwa amekwisha kupata hataza ya meza ya kulia inayorefushwa na kufupishwa kwa fremu za mbao zinazotelezana, hata meza kubwa ikaweza kusimama juu ya miguu michache. Fikra za namna hiyo ziliifaa meza ya safari. Ubao wa juu uligawanywa vipande, miguu ikafanywa ya kuzungushwa na kutolewa kwa parafujo, na vyote vikalazwa katika kasha.

Ufundi wake unastahili sifa, na hapana haja ya kuificha sifa hiyo. Meza ya kawaida ya nyumbani hupata nguvu zake kwa kufungamana daima: ulimi wa mti huingia katika tundu lake, gundi humiminwa, na viungo havitengani tena. Meza ya safari yatakiwa ishike imara wakati wa chakula na iachie kwa hiari asubuhi ya pili, mikononi mwa mtu mwenye haraka asiye na nyundo wala patasi. Ndipo kichwa cha mguu kikapewa parafujo ya chuma au shaba, na upande wa chini wa meza ukapewa tundu lililochongwa kuipokea. Aghalabu kila mguu ulitiwa alama, na tundu lake likatiwa alama hiyo hiyo, ili kila kimoja kirudi kwa mwenzake.

Adui wa pili alikuwa unyevu. Gundi ya ngozi na mifupa, ambayo ndiyo iliyotumika siku hizo, hulegea kwa joto na unyevu wa nchi za pepo za msimu. Samani za fahari za London zilivikwa ganda jembamba la mti wa thamani juu ya mbao hafifu, na ganda kama hilo lingebambuka kwa msimu mmoja wa mvua. Kwa hiyo meza ya safari ikaundwa kwa mbao nzima: mahogani, au msaji, ambao mafuta yake ya asili huukinga na maji na wadudu. Pembe zikafungwa kwa shaba, ambayo haishiki kutu kama chuma, na shaba hiyo ikazamishwa ndani ya mti mpaka ikawa sawasawa na uso wa ubao, isikwaruze kitu wala isikwamie kamba. Pambo lake lote limo katika kazi yake: mtu akilitoa pambo, ameing'oa nguvu ya meza.

Katika meza zilizo bora zaidi kila kipande kina kazi mbili. Nusu mbili za ubao wa juu zimeunganishwa katikati kwa bawaba. Zikifunguliwa, ni meza. Zikifungwa, huwa ni kasha jembamba, na ndani yake miguu hulala kila mmoja mahali pake. Mpenzi wa mashairi ataitambua mara moja akili ya namna hii. Mshororo wa shairi la pwani una ukwapi na utao, mizani nane kwa nane, na kina cha kati ndicho bawaba inayozishika pande mbili zisiachane. Pande zikipishana kwa mizani moja tu, mwimbaji hujikwaa, na msikilizaji hutambua hata kama hajui kuhesabu. Kadhalika meza hii: nusu moja ikizidi nyingine kwa unene wa ukucha, kasha halifungi. Fundi hakuwa na pa kuificha kasoro yake.

Yapo pia maumbo sahili zaidi. Meza ndogo ya msafiri wa magari ya farasi ilisimama juu ya miguu miwili iliyopishana kama mkasi, na ubao wake ulikunjwa katikati kama kitabu. Hapa msomaji wa pwani hahitaji kupelekwa London ili aelewe. Marufaa ya kuwekea msahafu yana hekima hiyo hiyo: ubao mmoja hupasuliwa na kuchongwa hata ukafumana kwa vidole vya mti wenyewe, pasi na msumari wala gundi, ukafunguka na kufungika. Mbuzi ya kukunia nazi nayo, iliyoegemezwa ukutani katika jiko la kila nyumba, ni miti miwili iliyopishana, inayosimama kwa uzito wa yule aliyeikalia. Kanuni ya miguu iliyopishana ni kwamba uzito unaoilemea ndio unaoituliza, mradi tu kiwepo cha kuizuia isitanuke kupita kiasi. Kwa fikra hiyo seremala wa Uingereza na seremala wa Unguja wangeelewana bila mkalimani.

Mpaka hapa meza imepimwa kwa mizani ya mwenye kula, na imefuzu. Lakini Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno moja, mizani, kwa kipimo cha ushairi na kwa kipimo cha uzito. Mhakiki anayeisifu meza kwa mizani ya kwanza hana budi kuitia pia katika mizani ya pili.

Hesabu yake si ngumu. Meza ya watu wanane yahitaji ubao wa urefu wa meta 2.4 hivi na upana wa meta 1.2. Ukiwa na unene wa sentimeta 2.2 na ukawa wa mahogani, ambayo meta moja ya mchemraba hukaribia kilo 550, ubao huo pekee una uzito wa kilo 35. Ukiwa wa msaji, wapita kilo 40. Bado miguu, fremu, shaba na kasha lenyewe. Chombo kinachoitwa chepesi katika duka la mtaa wa Catherine kilikuwa chepesi kwa kulinganishwa na meza ya nyumbani tu.

Huko India swali hili halikuwakera sana wenye meza, kwa kuwa palikuwa na fahali, ngamia na tembo wa kubeba. Jeshi la Uingereza lililokwenda kuivamia Afghanistan mwaka 1839 lilifuatana na ngamia wapatao 30,000, na vyombo vya maofisa vilikuwa sehemu kubwa ya mizigo hiyo. Ngamia hakuandika kitabu. Lakini meza zile zile, au ndugu zake, zilipofika katika pwani hii na kutakiwa zielekee bara, zilikuta sheria nyingine. Mbung'o aliwaua farasi, punda na ng'ombe njiani. Toka Bagamoyo hata Ujiji, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, kilichobeba kilikuwa ni kichwa na bega la mwanadamu.

Unguja ndiyo iliyokuwa lango. Hapa ndipo Burton na Speke walipofanya maandalizi yao mwaka 1857, na hapa ndipo Stanley alipokusanya bidhaa zake mwaka 1871 kabla ya kuvukia Bagamoyo. Hapa pia palikuwa na kipimo kilichokwisha kukubalika kabla Mzungu hajaja na hema lake: frasila, ratili 35 hivi. Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani kati ya kilo 27 na 32, na juu ya huo aliongeza mkeka wake, chungu chake na posho yake. Kwa hiyo ubao wa meza ya watu wanane, pasipo miguu, ulikuwa tayari umemzidi mtu mmoja.

Ni kosa kudhani kwamba mpagazi alikuwa mnyama mwingine badala ya ngamia. Stephen Rockel, katika kitabu chake Carriers of Culture cha mwaka 2006, ameonesha kuwa wapagazi wengi wa karne ya 19, na hasa Wanyamwezi, walikuwa watu wa ujira na watu wa fani. Walijua njia, walipatana malipo, walikuwa na desturi na heshima zao, na walipodhulumiwa waligoma au waliutua mzigo na kwenda zao. Mtu wa namna hiyo ni mhakiki. Akiinua mzigo asubuhi kwa mara ya kwanza, huuhukumu kwa shingo: uzito umekaa katikati au umeegemea upande mmoja, umbo lapokea ngata au lateleza, pembe inachoma au haichomi. Hukumu yake hutolewa papo hapo, naye hujua kuliko seremala.

Tazama basi ile pembe ya shaba, inayosifiwa na kila muuzaji wa vitu vya kale. Iliwekwa ili mti usivunjike kona kasha liangukapo, na kazi hiyo iliifanya vyema. Lakini kasha la mraba lenye pembe za chuma au shaba ni mzigo mbaya kwa kichwa na mbaya zaidi kwa bega. Furushi la nguo hulainika likafuata umbo la mwili. Kasha humtaka mwili ufuate umbo lake. Likizidi kipimo, hufungwa katika mti likachukuliwa na watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na katika njia nyembamba ya porini kila kona huwa mashaka kwa wote wawili. Fundi alilikinga kasha na safari, lakini aliyelibeba hakumkinga na kasha. Huo si uovu wa fundi. Yeye hakumwona mtu huyo wala hakuambiwa kuwa yupo. Ni upungufu wa mizani aliyopewa.

Kitabu cha Nicholas Brawer kuhusu samani hizi, kilichotoka mwaka 2001, kina jina linalosema wazi mahali alipokaa msemaji: British Campaign Furniture: Elegance Under Canvas, yaani umaridadi chini ya turubai. Ni jina la haki, kwani umaridadi ulikuwapo. Lakini chini ya turubai ni mwisho wa safari ya siku. Kitabu cha Rockel kimekaa njiani, juani, chini ya mzigo. Vitabu hivi viwili vimetofautiana kwa miaka mitano tu, na vyazungumzia karne moja. Msomaji atakayevisoma pamoja ndiye atakayeiona meza nzima, juu yake na chini yake.

Wapenzi wa mashairi nao wasidhani kuwa jambo hili ni la maseremala peke yao. Theodore Roosevelt, alipomaliza urais wa Marekani, alikuja Afrika Mashariki mwaka 1909 kuwinda, akateremka Mombasa. Alikuja na maktaba ya safari, vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili vistahimili jasho na vumbi, na miongoni mwake walikuwamo Homer, Shakespeare, Keats na Shelley. Katika African Game Trails, kitabu alichokitoa mwaka 1910, ameeleza kuwa sanduku la vitabu hivyo lilipungua kidogo ratili 60, mzigo wa mpagazi mmoja. Hapo ushairi wenyewe umetiwa katika mizani ya pili. Beti ambazo msomaji huziona hazina uzito kabisa zilikuwa na uzito kamili kichwani mwa mtu aliyezivusha nyika. Jina lake halimo katika orodha ya vitabu.

Wala watu wa pwani hawana haki ya kulitazama jambo hili kwa mbali, kama kwamba ni deni la Wazungu peke yao. Misafara iliyotoka visiwani na Bagamoyo ilikuwako kabla ya hema la Burton, na njia alizozipita ni zile zile zilizokwisha kufunguliwa na wafanyabiashara wa bara na wa pwani. Meno ya ndovu yaliyoteremka pwani yalikuwa mzigo mzito kuliko meza, na baadhi ya waliyoyabeba walikuwa watumwa. Sehemu ya pembe hizo iliishia Sheffield, ikachongwa mipini ya visu vya mezani. Meza ikapanda bara juu ya kichwa cha mtu, na mpini wa kisu cha meza hiyo ukateremka pwani juu ya kichwa cha mtu mwingine.

Nini hasa kilichobebwa? Si chakula, kwani chakula kingeliwa pasipo meza. Katika nyumba za pwani mkeka hutandikwa, sinia huletwa chini ya kawa, maji ya kunawa hupitishwa, na jamaa hukaa wakala pamoja. Mkeka huo ukikunjwa mtoto huubeba kwapani. Kilichobebwa ni kimo: zile sentimeta 70 na kitu zilizopo baina ya ardhi na sahani. Mbao, shaba, parafujo na jasho lote lile vilitumika kuinua sahani kiasi hicho, na pamoja nayo kumwinua aliyekaa asilingane na aliyeketi chini. Hili halimaanishi kuwa kula mezani ni dhambi, maana leo nyumba nyingi za pwani zina meza na mkeka pamoja. Lakini kimo nacho kina gharama, na gharama hiyo hailipwi na yule anayekitumia.

Kwa hiyo hukumu ya haki hubadilisha orodha ya zilizo bora. Kwa mizani ya kwanza, meza kubwa ya vipande, yenye fremu za kutelezana, ndiyo mfalme: akili nyingi imetiwa ndani yake na kazi yake haina mfano. Kwa mizani mbili pamoja, inashindwa. Inayoshinda ni ile ndogo ya miguu iliyopishana. Ubao wa sentimeta 90 kwa 60, wenye unene wa sentimeta moja na nusu, hauzidi kilo tano. Pamoja na miguu yake haufiki kilo kumi, na ukikunjwa hulala bapa juu ya mzigo mwingine, pasipo pembe ya kumchoma mtu. Mafundi wenyewe hatimaye waliuelekea upande huo. Kiti cha Roorkhee, kilichopewa jina la mji wa Roorkee huko India na kuenea mwishoni mwa karne ya 19, ni fito chache zinazochomekwa na kitambaa kilichokazwa. Hakina gundi, na viungo vyake hukaza kadiri mtu anavyokikalia. Fundi aliyepunguza alikuwa amemkumbuka mbebaji, ama kwa huruma ama kwa kuwa mbebaji alikuwa amegharimu fedha nyingi mno.

Vita vya 1914 viliukomesha umaridadi huo, lakini havikuukomesha mzigo. Makumi ya maelfu ya wachukuzi walikufa katika vita vya Afrika Mashariki, wengi wao kwa maradhi na njaa, wakibeba risasi na posho za majeshi. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, limebaki midomoni mwa watu wa Dar es Salaam wanapotaja Kariakoo na watu wa Nairobi wanapotaja Kariokor, na wengi hulitaja wakiwa hawana habari.

Meza za safari zilizosalia sasa zinauzwa kwa bei kubwa Ulaya, na nyingine zimo katika majumba ya makumbusho. Kibandiko chake hueleza kwa kawaida aina ya mti, karakana, mwaka, urefu, upana na kimo. Yafaa kiongezwe kipimo kimoja, ambacho hakihitaji utafiti wala hotuba: uzito, kwa kilo na kwa frasila. Mtazamaji akiisha kuisifu bawaba na kuipapasa shaba kwa macho, asome tarakimu hiyo, kisha ajaribu kuiwazia juu ya shingo yake, toka Bagamoyo hata Ujiji.